Bakteria wa Utumbo, Mlo na Baridi Yabisi: Misingi ya Kuutafiti Ugonjwa wa Viungo katika Kata ya Ibadakuli, Shinyanga

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna bakteria waishio utumboni na chakula kinacholiwa vinavyoweza kuchangia kuanza au kutulia kwa baridi yabisi, na inapima ni kwa kiasi gani maarifa hayo yanaweza kutumika katika kata ya Ibadakuli, Manispaa ya Shinyanga. Ushahidi uliopitiwa unatoka Marekani, Ulaya, Asia na Afrika, na hasa Tanzania yenyewe, katika tafiti zilizofanywa kandokando ya Ziwa Eyasi na mkoani Kilimanjaro. Inaoneshwa kuwa bakteria aliyehusishwa na ugonjwa huu jijini New York, Prevotella copri, ni mkazi wa kawaida wa utumbo wa watu wanaoishi kwa nafaka, mizizi na mboga za majani. Kwa hiyo, kuwapo kwake peke yake hakuwezi kuchukuliwa kuwa dalili ya ugonjwa kwa mkazi wa Usukuma. Makala inahitimisha kuwa zipo sababu za kutosha za kuulinda mlo wa asili, lakini mlo huo hauwezi kuwekwa mahali pa dawa. Aidha, utafiti wowote wa Ibadakuli hauna budi kuzingatia msimu, maambukizi, vumbi la migodini na aina ya unga unaoliwa.

1.0 Utangulizi

Ibadakuli ni miongoni mwa kata za Manispaa ya Shinyanga. Ndani yake umo uwanja wa ndege wa Shinyanga na kituo kikubwa cha kupozea umeme. Hata hivyo, nchi inayoizunguka ni ile ile ya Wasukuma wakulima na wafugaji, wanaolima mtama, mahindi, mpunga, viazi vitamu, dengu, choroko na pamba, na kuchunga ng'ombe, mbuzi na kondoo. Kaskazini-mashariki ipo Mwadui, ambako almasi imechimbwa tangu mwaka 1940. Upande wa magharibi, kupitia Kahama hadi Geita, umetanda ukanda wa dhahabu ambao migodi yake mikubwa, Geita na Bulyanhulu, ilianza uzalishaji mwaka 2000 na 2001. Kijana wa eneo hili aweza kula ugali wa mtama nyumbani kwa wazazi wake mwezi huu, na mwezi ujao akawa anakula chipsi, maandazi na soda machimboni.

Mkutano huu wa milo miwili ndio unaoifanya Ibadakuli iwe mahali pa maana kwa swali linaloulizwa sasa na watafiti wa magonjwa ya viungo duniani: je, kubadilika kwa chakula, na kwa njia hiyo kubadilika kwa bakteria wa utumboni, kunaweza kuwasha ugonjwa katika kiungo kilicho mbali na tumbo? Swali hili lina uzito wa kiuchumi na kijamii. Baridi yabisi hushambulia viungo vidogo vya mikono na miguu, na huwapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Katika kaya inayoishi kwa jembe, mkono usioweza kufumbata mpini, kutwanga wala kuchota maji ni pigo kwa kaya nzima. Gegedu na mfupa vikishaliwa havirudi, na kwa hiyo muda unaopotea kabla ya tiba huwa ni hasara ya kudumu.

2.0 Baridi Yabisi na Magonjwa Yanayofanana Nayo

Katika matumizi ya kila siku ya Kiswahili, jina la baridi yabisi hubeba karibu kila maumivu ya viungo. Katika makala hii jina hilo linatumika kwa maana finyu, yaani ugonjwa ambamo kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia utando laini unaozunguka kiungo. Utando huo huvimba, hupata joto na kuuma, hali ambayo wataalamu huiita inflamesheni. Baada ya muda, utando ulionenepa huanza kuila gegedu na mfupa. Dalili za kawaida ni uvimbe wa viungo vidogo vya pande zote mbili za mwili na ukakamavu wa asubuhi unaodumu kwa muda mrefu.

Utofautishaji huu una umuhimu wa pekee Shinyanga, kwa kuwa yapo magonjwa mengine yanayoweza kuchukuliwa kimakosa kuwa baridi yabisi. Brusela, inayoenezwa na mifugo na maziwa mabichi, huleta homa na maumivu ya viungo. Chikungunya, ugonjwa ambao jina lake limetoka katika lugha ya Kimakonde baada ya mlipuko wa mwaka 1952 kusini mwa Tanzania, huweza kuacha maumivu ya viungo yanayodumu kwa miezi. Upo pia ugonjwa wa viungo unaofuata kuharisha, unaosababishwa na bakteria kama Salmonella, Shigella na Campylobacter. Huu wa mwisho una funzo la nadharia ndani yake. Maambukizi hutokea utumboni, huisha, kisha goti au kifundo cha mguu huvimba wiki chache baadaye. Njia kati ya utumbo na kiungo, basi, ilijulikana kabla ya sayansi ya vinasaba vya bakteria kuzaliwa.

Vipimo vya damu navyo vina mtego wake. Kingamwili iitwayo RF, ambayo hutumika kusaidia utambuzi, huweza kuonekana kwa watu wenye maambukizi sugu kama kifua kikuu, malaria na kichocho. Kingamwili dhidi ya protini zenye sitrulini, ambazo huaminika zaidi, nazo zimewahi kuonekana kwa baadhi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Kwa mantiki hiyo, kipimo kimoja kilichotoka chanya katika eneo lenye maambukizi mengi hakitoshi kumwita mtu mgonjwa wa baridi yabisi.

3.0 Njia Zinazounganisha Utumbo na Kiungo

Utumbo mpana wa binadamu umejaa bakteria wa aina nyingi sana, na ukuta wake ni mpaka muhimu ambao kinga ya mwili inaulinda. Ufafanuzi wa jinsi bakteria hao wanavyoweza kuathiri viungo unaweza kugawanywa katika njia tatu.

Njia ya kwanza ni ya mazao ya uchachushaji. Makapi mlo, yaani nyuzinyuzi za nafaka, mikunde na mboga ambazo tumbo la binadamu haliwezi kuzisaga, hufika katika utumbo mpana na kuchachushwa na bakteria. Zao lake ni asidi za mafuta za mnyororo mfupi, hasa asetati, propionati na butireti. Butireti huwa chakula cha seli za ukuta wa utumbo. Majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 2013 na makundi kadhaa ya watafiti yalionesha kuwa asidi hizi huongeza seli T za udhibiti, ambazo kazi yake ni kuizuia kinga isipite kiasi. Chakula kisicho na makapi mlo huwanyima bakteria hao malighafi, na mwili hukosa sehemu ya breki zake.

Njia ya pili ni kulegea kwa ukuta wa utumbo. Seli za ukuta huo hushikana kwa viungio ambavyo huweza kufunguka zaidi ya kawaida, na vipande vya bakteria vikapenya kuingia katika damu. Tajik na wenzake (2020) walieleza kuwa kulegea huku huonekana karibu na wakati ambapo ugonjwa unaanza, na kwamba kuukaza ukuta wa utumbo wa panya kulipunguza ugonjwa wa viungo uliofuata.

Njia ya tatu ni kufanana kwa protini. Kinga iliyojifunza kumtambua bakteria huweza kuishambulia protini ya mwili inayofanana naye. Pianta na wenzake (2017) walibainisha protini mbili za binadamu zilizomo katika utando wa viungo vilivyovimba, ambazo sehemu zake zinafanana na sehemu za protini za Prevotella na bakteria wengine wa utumboni. Wagonjwa wengi waliochunguzwa walikuwa na mwitiko wa kinga dhidi ya protini hizo.

Ushahidi wa wanyama unaonesha kuwa njia hizi si za kubuni. Wu na wenzake (2010) walitumia panya wanaougua viungo kwa sababu ya jeni zao. Panya hao walipolelewa bila bakteria yeyote, ugonjwa ulipungua sana, na walipopewa aina moja tu ya bakteria wenye umbo la uzi, ugonjwa ulirudi upesi. Chriswell na wenzake (2022) walimtenga bakteria kutoka utumboni mwa mtu mwenye dalili za awali za ugonjwa, nao panya waliopewa bakteria huyo walivimba viungo. Bakteria huyo alipewa jina Subdoligranulum didolesgii, ambalo sehemu yake ya pili imetokana na neno la lugha ya Cherokee la ugonjwa wa viungo. Ni wazi, hata hivyo, kuwa panya aliyeandaliwa maabara ana jeni moja, chakula kimoja na makazi mamoja. Mkazi wa Ibadakuli hana sifa hizo.

4.0 Kitendawili cha Prevotella

Utafiti uliovuta macho zaidi ni wa Scher na wenzake (2013), uliofanyika New York kwa washiriki 114. Kati ya wagonjwa 44 ambao ugonjwa wao ulikuwa mpya na haujatibiwa, asilimia 75 walikuwa na Prevotella copri kinyesini. Kati ya watu 28 wenye afya, ni asilimia 21.4 tu waliokuwa naye. Kwa hesabu ya vichwa, hao ni watu 33 dhidi ya 6. Miongoni mwa wagonjwa waliokwisha kuugua kwa muda mrefu na kutumia dawa, bakteria huyo alikuwa haba kuliko hata kwa wenye afya. Matokeo haya yalifungua mlango mpana wa utafiti, na hoja ya kwamba bakteria huyu ni mchochezi ilienea upesi.

Ugumu unaanza mara hoja hiyo inapovushwa bahari. De Filippo na wenzake (2010) waliwalinganisha watoto wa kijiji cha Boulpon nchini Burkina Faso, wanaokula mtama, uwele, kunde na mboga, na watoto wa jiji la Florence nchini Italia. Watoto wa Boulpon ndio waliokuwa na Prevotella kwa wingi, pamoja na asidi nyingi za mnyororo mfupi. Schnorr na wenzake (2014) walipata sura kama hiyo kwa Wahadzabe 27 wa eneo la Ziwa Eyasi walipolinganishwa na Waitalia 16 wa mjini Bologna. Kisha Tett na wenzake (2019) walionesha kuwa kile kilichoitwa Prevotella copri ni matawi manne yanayotofautiana kivinasaba. Mtu wa jamii isiyofuata maisha ya kimagharibi mara nyingi huwa na matawi hayo kadhaa kwa pamoja, ilhali mtu wa jamii za viwandani mara nyingi hana hata moja.

Kwa hiyo bakteria yule yule ni mshukiwa New York na ni jirani mwema Eyasi. Iwapo wingi wake pekee ungetosha kuleta ugonjwa, vijiji vinavyoishi kwa mtama vingekuwa na baridi yabisi kupita miji ya Ulaya. Takwimu zilizopo zinaelekea upande mwingine. Silman na wenzake (1993) hawakumpata mgonjwa hata mmoja katika jamii ya vijijini nchini Nigeria. Nchini Afrika Kusini, Solomon na wenzake (1975) walipata ugonjwa huu kwa takriban asilimia 0.9 ya wakazi Weusi wa mjini Soweto, kiwango kinachokaribia cha Ulaya, ilhali utafiti wa wakati huo huo katika kijiji cha Watswana uliupata kwa kiwango cha chini sana.

Ufumbuzi unaopendekezwa una sehemu mbili. Kwanza, matawi na vikundi vidogo vya bakteria hawa havifanani kitabia. Nii na wenzake (2023) walionesha kuwa Prevotella copri waliotolewa kwa wagonjwa wa Japani walikuwa na vinasaba vya ziada, na waliwaumiza panya zaidi kuliko wale waliotolewa kwa watu wazima wa afya. Pili, bakteria hutenda kulingana na anacholishwa na majirani alionao. Katika utumbo wenye makapi mlo tele na bakteria wa aina nyingi, yeye huchachusha nyuzinyuzi. Katika utumbo mkavu wa makapi mlo na wenye wakazi wachache, ni jambo linaloingia akilini kuwa tabia yake na athari zake zitakuwa nyingine, ingawa hilo linahitaji kuthibitishwa kwa binadamu.

Tofauti ya Soweto na vijijini nayo isisomwe kwa haraka. Mjini mtu hubadili chakula, lakini pia huvuta moshi zaidi, huishi karibu na hospitali na hutambuliwa ugonjwa wake mapema. Aidha, jeni za HLA zinazoongeza hatari ya baridi yabisi ni chache katika baadhi ya jamii za Afrika Magharibi. Chakula ni sababu moja kati ya kadhaa zilizoungana katika safari ya kutoka kijijini kwenda mjini.

5.0 Mlo wa Usukuma na Mabadiliko Yake

5.1 Chakula cha asili kama malisho ya bakteria

Mlo wa Usukuma una sifa zinazostahili kuchambuliwa kwa jicho la sayansi hii. Ugali wa mtama au uwele uliosagwa bila kukobolewa hubeba pumba pamoja na kiini, na mtama mwekundu una polifenoli nyingi. Mboga zake ni mgagani, mlenda na majani ya kunde, ambayo yakikaushwa kwa ajili ya kiangazi huitwa nsansa, na mara nyingi huungwa kwa karanga zilizotwangwa. Dengu, choroko na kunde huleta protini na makapi mlo kwa pamoja.

Viazi vitamu vinastahili neno la peke yake. Wasukuma huvihifadhi kwa namna mbili: michembe, ambavyo hukatwa na kuanikwa vikiwa vibichi, na matobolwa, ambavyo huchemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kuanikwa. Wanga uliopikwa kisha ukapoa hugeuka kwa sehemu kuwa wanga sugu, usiosagwa tumboni, ambao hufika kwa bakteria wa utumbo mpana kama yanavyofika makapi mlo. Matobolwa yanaweza kuwa chanzo cha wanga huo katika miezi ya ukame, na kipimo cha maabara cha kiasi chake kingekuwa mchango wa moja kwa moja kwa elimu ya lishe ya Kanda ya Ziwa.

Uhai wa mlo huu umefungamana na uhai wa ardhi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulirejesha ngitili katika eneo la zaidi ya hekta 300,000. Ngitili ni hifadhi ya malisho, lakini pia ni ghala la matunda pori, mboga pori na asali. Ngitili inapofyekwa, watu hupoteza sehemu ya aina za mimea iliyokuwa ikiingia katika chungu chao.

Badiliko lililo dogo kwa sura na kubwa kwa athari ni la unga. Familia inapohama kutoka dona kwenda sembe, ugali unabaki mezani na jina lake halibadiliki, lakini pumba na sehemu kubwa ya makapi mlo imebaki mashineni ikawa chakula cha mifugo. Dodoso linaloandika kuwa mshiriki hula ugali mara mbili kwa siku, bila kuuliza ni ugali wa unga gani, litakuwa limeikosa taarifa iliyo muhimu kuliko zote. Badiliko la machimboni ni la wazi zaidi: wali mweupe, chapati, vyakula vya kukaangwa na vinywaji vya sukari huchukua nafasi ya mikunde na mboga, kwa kuwa mchimbaji hana jiko wala muda wa kuchambua mgagani.

5.2 Ushahidi wa Kilimanjaro

Je, mabadiliko ya aina hii huonekana katika kinga ya Mtanzania? Temba na wenzake (2021) waliwachunguza watu 323 wenye afya wa mjini na vijijini mkoani Kilimanjaro. Waliokaa mjini walionesha dalili za kinga iliyo katika hali ya inflamesheni zaidi, na tofauti hiyo ilihusiana na viambata vya damu vitokanavyo na chakula, hususani vya mimea.

Utafiti uliofuata uliondoa sehemu ya shaka inayotokana na kulinganisha watu wa mahali tofauti. Temba na wenzake (2025) waliwashirikisha wanaume 77 wenye afya. Wale wa vijijini walihamishiwa mlo wa kimagharibi kwa wiki mbili, na baadhi ya wale wa mjini walihamishiwa mlo wa asili wa mimea mingi kwa muda huo huo. Kundi jingine la mjini lilikunywa mbege, kinywaji kinachochachushwa kutokana na ndizi na ulezi, kwa wiki moja. Waliohamia mlo wa kimagharibi walipata ongezeko la viashiria vya inflamesheni katika damu, na seli zao za kinga zilijibu kwa udhaifu zaidi zilipokutanishwa na vimelea. Waliohamia mlo wa asili au mbege walielekea upande wa kupungua kwa inflamesheni. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye.

Utafiti huu ndio ulio karibu zaidi na hoja ya Ibadakuli, na mipaka yake isemwe bila kuficha. Washiriki walikuwa wanaume wazima wa afya, ilhali baridi yabisi huwapata zaidi wanawake. Haukupima viungo. Ulipima hali ya kinga ambayo inaaminika kuwa udongo ambamo ugonjwa huota. Kuinuka kwa viashiria katika damu kwa wiki mbili ni jambo moja, na kuvimba kwa kifundo cha mkono baada ya miaka kumi ni jambo jingine. Kati ya mambo hayo mawili ndipo palipo na pengo la utafiti.

6.0 Masuala ya Kuzingatiwa katika Utafiti wa Ibadakuli

Suala la kwanza ni msimu. Smits na wenzake (2017) walichambua sampuli 350 kutoka kwa Wahadzabe 188 na kugundua kuwa baadhi ya makundi ya bakteria hupungua sana msimu wa mvua, wakati wa asali na matunda, na kurejea msimu wa kiangazi. Shinyanga ina msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, na chungu cha Februari chenye mboga mbichi si chungu cha Septemba chenye nsansa na matobolwa. Mtafiti atakayewapima wagonjwa wakati wa mvua na watu wa kulinganishwa nao wakati wa kiangazi atagundua tofauti ya majira, akaiita tofauti ya ugonjwa.

Suala la pili ni kichocho na minyoo, ambayo ipo katika Kanda ya Ziwa. Vimelea hawa hudumu mwilini kwa kuituliza kinga, na majaribio ya panya yameonesha kuwa maambukizi ya kichocho huweza kupunguza ugonjwa wa viungo. Mtu wa kijijini aweza kuonekana amelindwa na mtama ilhali aliyemtuliza ni kimelea. Hakuna anayeweza kupendekeza kuwaacha watu na kichocho. Kinachotakiwa ni kukipima na kukiweka katika uchambuzi.

Suala la tatu ni vumbi. Vumbi la silika ni kihatarishi kinachofahamika cha baridi yabisi, sawa na moshi wa tumbaku. Gottesfeld na wenzake (2015) walipima hewa katika uchimbaji mdogo wa dhahabu nchini Tanzania na kupata wastani wa miligramu 16.85 za silika kwa mita ya ujazo katika uchorongaji wa chini ya ardhi, kiasi kilichozidi mara 337 ya kikomo kinachopendekezwa na taasisi ya afya kazini ya Marekani. Mchimbaji aliyerudi Ibadakuli na viungo vilivyovimba amebadili chakula na hewa kwa wakati mmoja. Kumlaumu chipsi kabla ya kuuliza habari za mwamba itakuwa ni kuukosea ushahidi.

Suala la nne ni dawa. Viuavijasumu vinavyonunuliwa dukani bila cheti hubadili bakteria wa utumbo kwa muda. Dawa za baridi yabisi zenyewe hufanya hivyo pia: Zhang na wenzake (2015) nchini China walionesha kuwa mpangilio wa bakteria wa wagonjwa ulirejea kwa sehemu kuelekea hali ya kawaida baada ya tiba. Kwa sababu hiyo, wagonjwa wasiotibiwa bado ndio wenye thamani kubwa zaidi kiutafiti. Hapo linazuka sharti la kimaadili: sampuli ichukuliwe siku ile ile ya utambuzi, na tiba isicheleweshwe hata kwa siku moja kwa ajili ya utafiti.

7.0 Mlo kama Tiba: Faida na Mipaka

Jaribio la Kjeldsen-Kragh na wenzake (1991) nchini Norway liliwahusisha wagonjwa 53. Nusu yao walifunga kwa siku 7 hadi 10, kisha wakafuata mlo wa mimea kwa mwaka mmoja, na walipata nafuu kuliko waliobaki na mlo wa kawaida. Hata hivyo, majaribio ya namna hii ni madogo, na mgonjwa hawezi kufichwa anachokula, hivyo matarajio yake huingia katika matokeo. Mapendekezo ya wataalamu wa Ulaya ya mwaka 2021 yanasema kuwa hakuna chakula mahususi kinachotarajiwa kuleta nafuu kubwa katika magonjwa haya, ilhali mwongozo wa Marekani wa mwaka 2022 unapendekeza, kwa masharti, mlo wa aina ya Mediterania wenye mboga, mikunde, nafaka zisizokobolewa, samaki na mafuta ya zeituni. Ukitazamwa kwa makini, mlo huo umejengwa juu ya misingi ambayo chungu cha dona, choroko, mgagani na samaki wa Ziwa Victoria kinayo tayari, kwa bei ambayo mkulima anaweza kuimudu.

Mambo matatu yanahitaji tahadhari. Kwanza, mlo haukarabati mfupa ulioliwa. Dawa kama methotrekseti hupunguza kasi ya uharibifu, na mgonjwa anayeziacha kwa matumaini ya uji wa mtama hubadilisha ushahidi imara kwa ushahidi mchanga. Pili, matokeo ya mbege si kibali cha pombe, kwa kuwa pombe pamoja na methotrekseti huongeza hatari kwa ini. Tatu, maziwa mgando ni chakula chema chenye bakteria wa uchachushaji, lakini kuganda peke yake si dhamana ya kuua vimelea vya brusela. Maziwa yachemshwe kwanza, kisha yagandishwe; vinginevyo kinywaji cha kutuliza viungo chaweza kuwa chanzo cha kuviumiza.

Uhusiano wa dawa na bakteria una upande mwingine unaowahusu waganga. Sulfasalazini, iliyobuniwa nchini Sweden kwa juhudi za daktari Nanna Svartz mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya ugonjwa huu huu, hukatwa vipande viwili na bakteria wa utumbo mpana, na bila bakteria hao haifanyi kazi yake ipasavyo. Inafuata kwamba watu wenye bakteria tofauti wanaweza kuitikia dawa moja kwa namna tofauti, na kwamba vipimo vya ufanisi vilivyofanyika Ulaya vinahitaji kuhakikiwa kwa wagonjwa wa Kanda ya Ziwa.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kuwa njia za kibiolojia kutoka utumboni hadi katika kiungo zipo, kwamba chakula hubadili bakteria na kinga kwa muda mfupi hata kwa Watanzania wenye afya, na kwamba bado haijathibitishwa kuwa kubadili mlo huzuia au huponya baridi yabisi. Kisa cha Prevotella copri kinafundisha kuwa matokeo ya jamii moja hayawezi kuhamishiwa jamii nyingine bila kupimwa upya. Kipimo cha kinyesi kitakachouzwa kwa mkazi wa Shinyanga kwa msingi wa takwimu za New York kitawaita wagonjwa watu wazima wa afya kwa maelfu.

Kwa upande wa utafiti, inapendekezwa kuwapo uchunguzi wa jamii ya Ibadakuli na ya vituo vya machimbo kwa misimu yote miwili, utakaoandika aina ya unga, historia ya vumbi, tumbaku, kichocho na dawa, na utakaothibitisha ugonjwa kwa uchunguzi wa daktari pamoja na vipimo vya damu. Kwa upande wa huduma, mtu mwenye viungo vidogo vilivyovimba na ukakamavu wa asubuhi unaoendelea kwa zaidi ya wiki sita apelekwe mapema katika hospitali ya rufaa ya mkoa, au Bugando mjini Mwanza, kabla viungo havijapinda. Wakati tiba ikiendelea, hakuna sababu ya kumwondolea dona, choroko na mgagani, na zipo sababu nyingi za kumshauri asiviache.